Nguzo Nane za Hazina ya Roma

Karibu kila muhula hutokea mwanafunzi mmoja, mara nyingi yule anayekaa nyuma na kusoma kuliko wenzake, akaniuliza kwa adabu yenye kejeli kidogo: "Dokta, Roma inatuhusu nini?" Huwa simlaumu. Wengi wetu tulifundishwa Roma kama orodha ya vita na majina ya watawala, tukaikariri, tukajibu mtihani, tukaisahau. Kwa miaka kadhaa nilikuwa na jibu refu lenye maneno kama misingi ya sheria na dhana ya jamhuri, jibu ambalo, nikiwa mkweli, lilinichosha hata mimi. Siku hizi jibu langu ni jepesi zaidi. Ninamsimulia habari za makarani wa hekalu la Saturn.

Hekalu lenyewe nililiona nilipokwenda Italia kwa kongamano, nikabakiwa na nusu siku kabla ya safari ya kurudi. Liko upande wa magharibi wa uwanja wa kale wa Roma, chini ya kilima cha Capitolium, pale ambapo barabara ya zamani ya mawe inaanza kupanda. Kilichobaki ni jukwaa refu la mawe na nguzo nane, zenye urefu wa mita 11 hivi, zikibeba boriti la mawe lenye maandishi ya Kilatini. Nguzo sita za mbele ni za itale ya kijivu, mbili za pembeni ni za itale yenye wekundu, na zote zilichongwa Misri. Ukitazama kwa makini utaona kwamba vitako vya nguzo hizo havifanani. Ni dhahiri kwamba aliyelijenga mara ya mwisho aliokoteza vifaa kutoka majengo mengine. Kiongozi wa watalii waliokuwa mbele yangu alitaja jina la hekalu na idadi ya nguzo, wakapiga picha, wakaelekea Colosseum. Hakuwaambia kwamba walikuwa wamesimama mlangoni pa Hazina.

Kwa mapokeo ya Warumi wenyewe, hekalu hili liliwekwa wakfu mwaka 497 kabla ya Kristo, miaka michache baada ya wafalme kufukuzwa na jamhuri kuanzishwa. Saturn alikuwa mungu wa kilimo, na hadithi zao zilisema kwamba katika enzi yake hapakuwa na wizi wala tamaa. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, aliwahi kuuliza kwa nini Warumi waliihifadhi fedha ya umma kwa mungu huyu, na jibu mojawapo alilolitoa ni hilo hilo: kwamba alitawala watu wasiokuwa na choyo. Sanamu yake ilifungwa miguu kwa kamba ya sufu mwaka mzima, ikafunguliwa kwenye sikukuu yake mwezi Desemba, siku ambazo mtumwa aliruhusiwa kukaa mezani na bwana wake akamhudumia. Siku hizo zikipita, miguu ya mungu ilifungwa tena, na mtumwa akarudi jikoni.

Hazina iliyokuwa humo waliiita kwa neno linalotokana na shaba, kwa kuwa fedha yao ya mwanzo ilikuwa vipande vya shaba vilivyopimwa kwa mizani. Lakini msomaji asidhani kwamba lilikuwa ghala la sarafu tu. Sheria zilizopitishwa na maazimio ya Seneti yalipelekwa humo, na azimio ambalo halijapokewa na kuandikwa hekaluni lilikuwa bado ni maneno. Madaftari ya madeni ya umma yalikuwa humo. Bendera za majeshi zilitunzwa humo. Upande mmoja wa jukwaa kuna matundu madogo yaliyopangwa kwenye mawe, ambayo wataalamu wanayafasiri kuwa mahali palipobandikwa mbao za matangazo ya serikali. Kwa maneno mengine, jengo moja lilikuwa Hazina, masjala na ubao wa gazeti la serikali, na lilikuwa hatua chache kutoka mahali ambapo wananchi walikutana kubishana.

Aliyetaka kuligomesha taifa alijua pa kwenda. Mwaka 133 kabla ya Kristo, Tiberius Gracchus, tribuni aliyechaguliwa kuwatetea watu wa kawaida, alipozuiwa kupitisha sheria yake ya kugawa ardhi ya umma kwa wasio na ardhi, aliweka muhuri wake mwenyewe kwenye milango ya hekalu hili ili pasiingizwe wala kutolewa kitu. Hakuchoma moto jengo, hakuvunja dirisha. Alibandika nta. Wakubwa wa Roma walivaa nguo za msiba. Baadaye, mwaka huo huo, walimuua kwa marungu na miguu ya viti.

Sasa nije kwa makarani, ambao ndio hasa walionifanya niandike makala haya.

Hazina ilisimamiwa na maofisa wawili vijana walioitwa makwestori, waliochaguliwa kwa kipindi cha mwaka mmoja. Cheo hiki kilikuwa ngazi ya kwanza ya kupanda katika siasa. Kijana wa ukoo mkubwa alikuja na umri wa miaka 30 hivi, akakaa miezi yake 12 akitafuta marafiki wa uchaguzi ujao, akaondoka. Makarani walibaki. Wao ndio waliojua daftari gani liko wapi, deni gani limelala, na azimio gani ni la kweli. Plutarch anasema kwamba makarani hawa waliwafundisha mabwana zao kazi kama mwalimu anavyofundisha watoto, na matokeo yake ni kwamba madaraka yote yalikuwa yao. Mtumishi wa umma yeyote anayesoma hapa ameshatabasamu, nina hakika.

Mwaka 64 kabla ya Kristo au karibu na hapo akaja kijana mmoja aitwaye Marcus Cato. Alikuwa amefanya jambo ambalo halikuwa kawaida: kabla ya kugombea, alizisoma sheria zote zinazohusu kazi hiyo, akawahoji wenye uzoefu. Alipoingia, makarani hawakuwa na cha kumfundisha. Waliwakimbilia maofisa wenzake, wakawabembeleza, wakaanzisha vita ya chini kwa chini. Cato alimfukuza mkuu wao kwa udanganyifu katika suala la urithi. Karani wa pili alimfikisha mahakamani.

Hapo ndipo mambo yakawa kama yanavyokuwa. Mtuhumiwa alikuwa na mtetezi, na mtetezi hakuwa mtu mdogo: alikuwa Quintus Lutatius Catulus, mzee aliyeheshimika Roma nzima kwa uadilifu wake, rafiki wa Cato. Catulus alipoona kesi haina utetezi, aliomba waziwazi karani asamehewe kwa heshima yake yeye. Hakusema kwamba hakuiba. Kura zilipohesabiwa, za kumtia hatiani zilizidi kwa kura moja. Catulus akatuma ujumbe kwa ofisa mwenzake Cato, Marcus Lollius, aliyekuwa mgonjwa kitandani. Lollius akabebwa kwenye machela hadi mahakamani, akapiga kura, karani akaachiwa. Cato hakumrudisha kazini, wala hakumlipa mshahara, wala hakuitambua kura ya Lollius.

Nilipoisimulia habari hii darasani, binti mmoja wa mwaka wa pili aliuliza karani yule aliitwa nani. Plutarch hakumtaja jina. Amemtaja Catulus, amemtaja Lollius, amemtaja Cato, lakini mwizi mwenyewe hana jina. Binti akasema, "Basi walioandikwa ni waliomtetea." Sikuwa na la kuongeza.

Cato aliendelea. Alikuta watu wengi wanaodaiwa na serikali miaka na miaka, na wengine wengi wanaoidai serikali na kuzungushwa. Alikusanya kwa wa kwanza bila huruma, akawalipa wa pili bila kuchelewa, na hili la pili ndilo lililowashangaza watu zaidi. Alikataa kupokea maazimio ya kughushi ambayo wenzake waliyaingiza kwa kuwaridhisha marafiki. Mara moja alikuwa na shaka na azimio fulani, akakataa kuliandika mpaka makonsuli wenyewe walipokuja kuapa kwamba lilipitishwa kweli. Kisha akagusa jambo ambalo wote waliliogopa. Miaka kama 17 nyuma, dikteta Sulla alibandika orodha za maadui zake, na kila aliyeleta kichwa alilipwa drakma 12,000 kutoka Hazina. Wauaji hao walikuwa bado wanatembea mjini, matajiri. Cato aliwaita mmoja mmoja, akawadai fedha ile kama mali ya umma iliyotolewa kinyume cha sheria. Wakalipa. Na kwa kuwa walikuwa wamekiri kupokea malipo ya kuua, wengine wakawafungulia kesi za mauaji. Haki ilianzia kwenye safu ya matumizi ya daftari la zamani.

Siku yake ya mwisho kazini, umati ulimsindikiza hadi nyumbani. Akiwa njiani alisikia kwamba ofisa mwenzake, Marcellus, rafiki yake wa utotoni, amebaki hekaluni amezungukwa na wakubwa wanaomshinikiza aandike msamaha wa deni fulani. Cato akageuka. Alimkuta ameshaandika. Akaomba mbao za nta, akalifuta andiko lile kwa mkono wake, Marcellus akiwa amesimama pembeni kimya. Kisha akamchukua rafiki yake, wakarudi nyumbani pamoja. Marcellus hakulalamika, siku ile wala baadaye, na urafiki wao uliendelea. Mimi huifikiria sana sehemu hiyo. Kuna watu ambao wangeshukuru mtu aje kuwafutia walichosaini.

Sitaki kumfanya Cato kuwa walii. Plutarch alimpenda kupita kiasi, na hilo linaonekana. Zaidi ya hayo, miaka michache baadaye Cato huyo huyo alitumwa kuinyakua Cyprus, kisiwa ambacho hakikuwa kimeikosea Roma lolote la maana. Mfalme wake alikunywa sumu. Cato akapiga mnada mali yake yote, kila sinia na kila kito, kwa uangalifu mkubwa, akaleta Roma karibu talanta 7,000 za fedha, na senti hakuiba. Aliandika hesabu katika nakala mbili, akazisafirisha kwa vyombo tofauti, na nakala zote mbili zikapotea njiani: moja kwa kuzama baharini, nyingine kwa moto. Inasemekana jambo lililomuuma ni kwamba hataweza kuwaonyesha wengine mfano wa hesabu zilizotunzwa kwa uangalifu. Kwamba watu wa Cyprus walikuwa wameibiwa na mtu mwaminifu halikumsumbua. Sisi tuliotawaliwa na makarani wanyofu wa mataifa mengine tunaweza kuisoma habari hii kwa jicho ambalo Plutarch hakuwa nalo.

Na hapa kuna jambo kubwa kuhusu Hazina hii ambalo husahauliwa. Tangu mwaka 167 kabla ya Kristo, baada ya kuiteka nyara Makedonia, raia wa Roma aliyeishi Italia aliacha kulipa kodi ya moja kwa moja. Majimbo yalilipa badala yake. Mrumi wa kawaida alifurahi, na nani asingefurahi? Lakini nadhani pale ndipo uzi wa kwanza ulipokatika. Mtu asiyetia kitu ndani ya sanduku hana sababu ya kukesha mlangoni pake.

Lilikuwapo fungu moja ambalo watu wa Roma kwenyewe walilitia. Kwa sheria ya mwaka 357 kabla ya Kristo, kila mtumwa alipoachwa huru ililipwa asilimia 5 ya thamani yake, na dhahabu ya kodi hiyo ikawekwa katika chumba cha ndani kabisa cha Hazina, akiba takatifu ya siku ya maafa. Mara nyingi aliyelipa ni mtumwa mwenyewe, kutoka akiba yake ya miaka. Mwaka 209, Hannibal akiwa ndani ya Italia, Seneti ilifungua chumba hicho na kutoa ratili 4,000 za dhahabu kwa ajili ya vita. Maana yake ni kwamba Roma, katika saa yake ya hatari, ilijilinda pia kwa dhahabu ya watu walioinunua nafsi yao. Katika vitabu nilivyosomeshwa nikiwa mwanafunzi nilikuta kurasa nyingi juu ya tembo wa Hannibal. Juu ya dhahabu hii sikukuta hata mstari.

Akiba hiyo ndiyo aliyoikuta Julius Caesar mwaka 49 kabla ya Kristo. Alikuwa amevuka Rubicon na jeshi lake. Makonsuli na wengi wa maseneta walikimbia mji kwa hofu, wakaiacha Hazina nyuma. Caesar aliyekuja, kwa maneno yake, kutetea haki za matribuni alikwenda hekaluni kuchukua fedha. Mlangoni alimkuta tribuni, Lucius Metellus, amesimama kumzuia kwa kutaja sheria. Caesar alimjibu kwamba wakati wa silaha si wakati wa sheria. Funguo hazikuwapo, kwa hiyo akaita wahunzi wavunje. Metellus alipozidi kusimama, Caesar alitishia kumuua, akaongeza kwamba kwake yeye kulitamka jambo hilo ni kugumu kuliko kulitenda. Metellus akaondoka. Plinius, aliyeandika zaidi ya miaka 100 baadaye, anataja mikuo 15,000 ya dhahabu, mikuo 30,000 ya fedha na sarafu za sesterti milioni 30. Wapo waliomkumbusha Caesar kwamba akiba ile ililindwa kwa laana, isiguswe ila kwa vita na Wagalia. Akawajibu kwamba Wagalia ameshawamaliza, kwa hiyo ameiondoa laana hiyo.

Katika kitabu alichokiandika mwenyewe juu ya vita hiyo, Caesar anasema tu kwamba maadui zake walimtumia Metellus kumkwamisha. Mlango, wahunzi, mikuo ya dhahabu, hakuna. Lakini tunayo barua ya Cicero ya mwezi Aprili mwaka huo, na ndani yake kuna habari kutoka kwa mtu wa Caesar mwenyewe: kwamba suala la Hazina liliwaudhi wananchi wa kawaida kiasi kwamba Caesar, aliyekuwa amepanga kuwahutubia kabla ya kuondoka, hakuthubutu, akaondoka mjini amefadhaika. Kwa hiyo wananchi wale, ambao hawakulipa kodi kwa zaidi ya karne, bado walijua kwamba kile kilichovunjwa kilikuwa chao.

Hekalu lenyewe lilijengwa upya tangu mwaka 42 na Lucius Munatius Plancus, kwa nyara za vita. Mtu huyu anastahili makala yake peke yake. Alikuwa wa Caesar. Caesar alipouawa akaisifu Seneti. Akahamia kwa Antonius, akamfuata hadi Alexandria, ambako inasimuliwa kwamba alicheza karamuni amepakwa rangi ya samawati na kuvaa mkia wa samaki. Mambo yalipoharibika akahamia kwa Octavian na kumwonyesha mahali wasia wa Antonius ulikofichwa. Mwaka 27 ni yeye aliyetoa hoja Octavian apewe jina la Augustus. Kila mara alikuwa akiunga mkono juhudi. Alikufa mzee, na kaburi lake kubwa bado liko Gaeta, likitaja katika maandishi yake kwamba alijenga hekalu la Saturn.

Wanahistoria wengi husimulia siku ya wahunzi kama siku Hazina ya jamhuri ilipokufa. Mimi nina maoni tofauti. Mlango uliovunjwa unaonekana, watu wanakasirika, na fundi anaweza kuutengeneza. Kifo nakiona kwingine, katika sentensi moja tulivu. Katika maandishi ambayo Augustus aliagiza yachongwe baada ya kufa kwake, anajivunia kwamba mara 4 aliisaidia Hazina kwa fedha zake mwenyewe, jumla sesterti milioni 150. Mwaka 6 baada ya Kristo, alipoanzisha hazina nyingine ya mafao ya askari wastaafu, alitia milioni 170 nyingine.

Msomaji alisome neno hilo tena: aliisaidia. Fedha za mtu mmoja zimekuwa nyingi kiasi kwamba anaihurumia nchi. Zilitoka wapi? Zilitoka kwenye nyara za vita ambavyo nchi ilipigana, kwenye wasia za matajiri walioona ni busara kumkumbuka, na kwenye Misri, ambayo aliiweka chini ya mtu wake, akakataza seneta yeyote kukanyaga huko bila ruhusa. Caesar aliiba kutoka Hazina, na kila mtu alijua ni wizi. Augustus aliipa, na wote wakashukuru. Aliyeshukuru hawezi tena kuuliza hesabu. Wengi wetu tumekaa kwenye uzinduzi wa kisima au darasa tukasikia kwamba fedha hizi zimetolewa na mheshimiwa fulani, na sisi tuliolipa kodi katika sukari na katika vocha za simu tukapiga makofi.

Baada ya hapo usimamizi wa hekalu uliendelea kubadilishwa mikono. Claudius aliurudisha kwa makwestori mwaka 44, Nero akaupeleka kwa maofisa wa kuteuliwa mwaka 56, na mfuko wa mtawala ukazidi kunenepa pembeni. Makarani waliendelea kuandika. Lakini kuna tukio moja la enzi hiyo ambalo siwezi kuliruka. Mwaka 21, Clutorius Priscus, mshairi aliyewahi kuzawadiwa kwa utenzi wa kumlilia mwana wa ukoo wa mtawala, alitunga mwingine mapema wakati mwana wa Tiberius alipougua, kisha akausoma nyumbani kwa watu. Mgonjwa akapona. Seneti ikamhukumu mshairi kifo, akauawa papo hapo. Tiberius, aliyekuwa nje ya mji, alilalamikia haraka hiyo, na ikaamuliwa kwamba tangu siku ile maazimio ya Seneti yasipelekwe hekaluni kabla ya siku ya 10, na aliyehukumiwa kifo aishi muda huo. Kinga ilikuwa imebaki moja tu, yaani mwendo wa karatasi kutoka jengo hadi jengo. Tacitus anaongeza kwamba hata hiyo haikusaidia, kwa sababu Seneti haikuwa na uhuru wa kubadili mawazo, na Tiberius hakulainika kwa kupewa siku.

Nguzo tunazoziona leo zilisimamishwa katika karne ya 4, baada ya moto. Maandishi yaliyo juu yake yanasema kwamba Seneti na Watu wa Roma wamelirejesha jengo lililoteketea. Jina la mtawala halimo. Wakati huo makaisari walikuwa Wakristo na hawakuishi Roma, Seneti ilikuwa baraza la heshima tu, na Watu wa Roma walikuwa hawajapiga kura kwa karne tatu. Nilisimama chini ya maandishi yale muda mrefu nikijaribu kuamua kama ni ukaidi au ni mazoea. Bado sijaamua. Naegemea kwenye ukaidi, labda kwa kuwa ndivyo ninavyotaka.

Walioliangusha hawakuwa washenzi wa kutoka kaskazini. Poggio Bracciolini, mwanazuoni aliyefika Roma mwaka 1403, aliandika kwamba alipolikuta lilikuwa karibu zima, lenye kazi nzuri ya marumaru, ingawa watu wa wakati wake walilijua kwa jina lisilo lake, wakiliita hekalu la Maridhiano. Kisha, akiwa anaangalia, wenyeji wa Roma walilibomoa jengo lote la ndani na sehemu ya ukumbi wa mbele, wakapeleka marumaru kwenye matanuri ya chokaa, kwa kuwa mji ulikuwa unajengwa na chokaa ilikuwa na bei. Marumaru ikichomwa huwa chokaa. Itale haiwi chokaa hata ukiipikia siku saba. Ndiyo maana nguzo zile nane zipo.